Utepe wa Buluu wa Mama

Barua ya baba ilifika Igamba mwezi wa Mei mwaka 1954, baada ya miaka sita ya kimya, na ilikuwa fupi kuliko barua ambazo watoto wangu wa darasa la nne huandika. Mama hajui kusoma, kwa hiyo niliisoma mimi, nimesimama mlangoni penye mwanga. Shangazi Ferista, dada yake baba, alikuwa ameketi juu ya kinu kilichopinduliwa kama mtu aliyekuja kuamua kesi.

Baba aliandika kwamba yu hai. Jiwe lilimwangukia mgodini Luanshya, huko Rodesia, mguu ukavunjika, akatoka hospitali hana kazi, akaona haya kurudi kwetu mikono mitupu. Akaenda Katanga, akarudi tena Luanshya, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo kuandika kulivyozidi kuwa kugumu. Sasa mkataba wake ulikuwa unakwisha mwishoni mwa Julai, na karani wa mgodi alimtaka atie saini kwa miezi kumi na minane mingine.

Kisha yakafuata maneno ambayo nayakumbuka yote mpaka leo: "Sijui kama bado nina nyumba. Msiniandikie maneno. Wenzangu wameandikiwa njoo, tunakungoja, wakafika wakakuta matanga yao yalishaliwa zamani. Nitumieni picha ya mama yenu, amevaa kama anavyokwenda kanisani. Nikiiona nitajua la kufanya."

"Picha itamwambia nini?" nikauliza.

Mama alikuwa ameshaelewa. Mkono wake ulikuwa umepanda wenyewe hadi chini ya kidevu, mahali ambapo siku ya Jumapili hufunga utepe.

Katika usharika wetu wanawake huvaa kitambaa cheupe kichwani, na utepe wa kukifungia. Msichana hufunga utepe wa rangi ya waridi, mke wa buluu, mjane mweupe. Wamisionari wa kwanza ndio walioleta desturi hiyo. Wao walikwenda zao, sisi tukabaki na tepe zao. Hakuna anayemuuliza mwanamke habari za nyumbani kwake. Unamtazama kidevuni, basi. Na kwa miaka miwili wazee wa kanisa walikuwa wakimjia mama kwa upole, wakimwambia achukue mweupe ili baba aombewe inavyopasa. Kila mara aliwapikia chai na kuwakatalia.

"Nikivaa mweupe nimemzika," alikuwa akisema. "Na mimi sijaonyeshwa kaburi."

"Ndugu yangu huyu ni mpumbavu!" alisema shangazi. "Miaka sita hajatuma hata salamu, leo anaagiza picha kama bwana shauri!" Halafu akafunika uso kwa kanga, mabega yakaanza kumtikisika, nasi tukamwacha alie.

"Akija nitamgombeza, wifi, mpaka mtasikia huko kwenu," alisema mama. "Lakini kwanza aje."

*

Mpiga picha tuliyemjua alikuwa Tunduma. Binamu yangu Yonasi, aliyekuwa akinunua samaki wakavu na kuwauza ng'ambo ya mpaka, ndiye aliyeileta barua, na ndiye ambaye angeipeleka picha. Tukapanda lori kutoka Vwawa, mimi na mama, utepe wake umekunjwa ndani ya kitabu cha nyimbo usije ukapata vumbi.

Bwana Ambilikile alikuwa mtu wa Undali aliyejifunza kazi Ndola. Vidole vyake vilikuwa virefu, vya rangi ya kahawia kwa dawa za kusafishia picha. Chumba chake kilikuwa cha udongo na bati, na pazia lililochorwa ngazi ya nyumba ambayo hakuna mtu wa Tunduma aliyewahi kuikanyaga. Ukutani alikuwa amebandika kazi zake. Nilizitazama nikaingiwa na hofu. Kila mtu alikuwa amepakwa mashavu ya papai lililoiva na midomo ya mtu aliyekula zambarau. Nguo nyingi zilikuwa za kijani. Nadhani alikuwa na kijani kingi.

"Haya, mwalimu," aliniambia. "Nyeusi na nyeupe, au niipake rangi? Rangi napaka mwenyewe kwa mkono. Siku hizi hapa mpakani, picha isiyo na rangi wanasema ni ya kitambulisho."

Nikamtazama mama.

"Chagua wewe, mwanangu," alisema. "Wewe ndiye uliyesoma."

Mimi ni mtu wa haya. Darasani naweza kusema, kwa sababu watoto ni wafupi. Mbele ya mtu mzima nisiyemjua maneno hunikauka, na chuo cha ualimu, pamoja na yote kiliyonifundisha, hakikuniponya hilo. Sikuuliza lolote. Niliwaza tu kwamba baba hajaona uso wa mama kwa miaka sita, na kwamba huo utakaomfikia uwe wake kweli, si papai.

"Nyeusi na nyeupe," nikasema.

"Unasemaje?"

"Nyeusi na nyeupe."

Mama akafunga kitambaa, akafunga utepe wa buluu, akanyoosha ncha zake mbili kifuani. Bwana Ambilikile akaingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi cha kamera, akatoka, akamwambia asipumue. Mama akashikilia pumzi kama anayevuka mto.

Picha zilihitaji wiki mbili. Nilizifuata peke yangu siku ya Jumamosi, na nilipofika lori la Yonasi lilikuwa limeshawashwa, linatetemeka mbele ya duka. Bwana Ambilikile akanipa nakala mbili. Nilitazama macho ya mama tu. Yalikuwa macho yake hasa, yenye subira na kiburi kidogo. Nikashukuru moyoni kwamba sikukubali rangi. Nikatia nakala moja kwenye bahasha.

"Haraka, mukwai!" Yonasi alipiga kelele kwa lile neno lao la heshima la ng'ambo, akiwa amekaa juu ya magunia. "Dereva huyu hana binamu humu ndani!"

Nikamrushia bahasha. Lori likaondoka kuelekea Rodesia, nami nikarudi Igamba nikiwa mwepesi, nikiimba njiani mahali pasipo na watu.

*

Shangazi Ferista ndiye aliyeona. Alifuta mikono, akaishika picha ya pili kwa ncha za vidole, akaipeleka mlangoni. Alianza kucheka kwa furaha, "Wifi, umekaa kama mke wa jumbe!" Kisha akaisogeza picha karibu na macho.

"Enesi," alisema. "Utepe huu ni wa rangi gani?"

Nikasogea. Kitambaa kilikuwa cheupe. Na utepe juu yake, kutoka kidevuni hadi kifuani, ulikuwa mweupe vilevile, mweupe kabisa, kama wa bibi Teresia aliyezika mumewe kabla ya vita.

Mama aliichukua picha mkononi mwa shangazi, akaitazama kwa muda mrefu.

"Nimevaa mweupe," alisema polepole. "Ameagiza ajue kama yu hai, nami nimemjibu."

Chuoni tulifundishwa rangi saba za upinde wa mvua, tukaziimba kwa mpangilio wake. Hakuna aliyetuambia kwamba kuna rangi ambazo kamera haizioni. Bahasha ile ilikuwa imeshavuka mpaka. Yonasi angeifikisha, kwa sababu Yonasi hufikisha vitu, na baba angeitazama, angeikunja, angekwenda kwa karani kutia saini. Na mimi ndiye niliyechagua.

"Nitamwandikia barua," nikasema. "Nitamweleza."

"Amesema hataki maneno." Mama hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alifungua kitabu cha nyimbo, akautoa utepe, akauweka kiganjani mwangu. "Nenda kwa huyo bwana wa picha. Mwonyeshe huu. Safari hii useme, mwanangu. Usione haya."

"Wewe Jumapili utavaa nini?"

"Jumapili nitakuwa naumwa," alisema mama, ambaye hajawahi kuumwa siku ya Jumapili.

*

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni, na jioni nikawa Tunduma. Bwana Ambilikile alitazama utepe, akatazama picha, akaanza kucheka. Aliponitazama mimi akaacha.

"Kaa, mwalimu. Kunywa maji. Nani amekufa?"

"Baba yangu," nikasema. "Yaani hajafa. Lakini atadhani amekufa."

Nikamweleza yote, tepe tatu, barua, karani, mwisho wa Julai. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo mfululizo mbele ya mtu mzima. Alinisikiliza akiwa amekunja vidole vyake vya kahawia.

"Filamu yangu haijui buluu," alisema mwishowe. "Buluu isiyokolea, kama hii, inatoka nyeupe. Nyekundu inatoka nyeusi. Ndivyo ilivyo. Kwetu utepe ni urembo tu, sikujua kwamba huu una kazi. Mbona hukuniambia?"

"Niliona haya."

"Haya!" Alitikisa kichwa. "Haya, tuimalize hiyo haya."

Akaingia kwenye chumba chake cha giza, na asubuhi nilipotoka kwa jamaa zangu nilikolala, nakala mpya ilikuwa imekauka. Alikuwa ameshapanga vikombe vyake mezani, chekundu, cha kijani, cha njano, na pamba amezisokota kwenye njiti za kiberiti.

"Tunaanza na mashavu," alisema.

"Hapana. Utepe tu."

"Utepe peke yake? Uso mweusi na mweupe, nguo nyeusi na nyeupe, halafu utepe wa buluu? Watu watasema Ambilikile ameishiwa rangi!"

"Waseme," nikajibu. Sauti ilikuwa yangu, lakini sikuizoea.

Alinitazama, akavuta kikombe kingine. Buluu yake ya kwanza, alipoijaribu kwenye kipande cha karatasi, ilikuwa kama wino wa shule. Ya pili ilikuwa kama mbingu wakati wa kiangazi. Ya tatu aliiweka kando ya utepe wa mama, tukainama wote wawili, na ikawa ndiyo. Akaanza kupaka kwa njiti, kidogo kidogo, kutoka kidevuni akishuka. Nilikuwa nikipumua pale tu alipoinua mkono.

Alipokaribia ncha ya kushoto akasimama.

"Hapa pana doa. Unaona? Jeusi, kama punje ya mtama. Nitalifunika, isionekane mama yako amevaa kitu kichafu."

Alikuwa ameshachovya pamba. Nikatazama picha, nikatazama utepe wenyewe juu ya meza, na pale kwenye ncha lilikuwepo, doa la kahawia lililoungua. Nililijua maisha yangu yote bila kulifikiria. Baba alinunua utepe ule Mbeya wiki ya harusi yao. Usiku wa kuamkia harusi alitaka kusaidia, akachukua pasi ya mkaa akaunyoosha mwenyewe, akauchoma. Mama aliolewa na utepe uliounguzwa, na hakutaka mwingine.

"Usilifunike!" Nilimshika mkono. Nilimshika kabisa, mtu mzima. "Bwana Ambilikile, tafadhali. Buluu mtu yeyote anaweza kuipaka. Baba anaweza kusema tumempakia tu ili aje. Lakini doa hilo hakuna mpakaji rangi anayelijua. Hilo alilitia yeye."

Akauondoa mkono wake taratibu. Akalitazama doa kwa karibu sana, kisha akapaka buluu kulizunguka pande zote, akaliacha lilivyo, jeusi katikati ya buluu.

"Miaka yote hii nafunika madoa ya watu," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza naambiwa niache."

Yonasi alikuwa hajarudi. Lakini shemeji yake Bwana Ambilikile alikuwa na lori la kwenda Ndola siku iliyofuata, na kutoka Ndola hadi Luanshya si mbali. Bwana Ambilikile aliandika jina la baba kwenye bahasha kwa herufi kubwa, na la mtaa wa wafanyakazi, akaongeza chini yake kwa mkono wake mwenyewe: "Fungua kwanza hii."

"Na kama ameshafungua ile nyingine?" nikauliza.

"Basi atafungua ya pili," alisema. "Ulitaka niandikeje?"

*

Juni ikapita. Tulivuna kahawa, mama akaigeuza kwenye vichanja, na kila Jumapili akafunga utepe wake na kukaa benchi la wake. Yonasi alirudi akasema aliiweka bahasha mkononi mwa baba, na kwamba baba aliifungua, akaitazama, akaikunja, akaondoka. Shangazi alimwambia Yonasi asikanyage tena hapa, kana kwamba kosa lilikuwa lake. Julai ikaisha. Agosti ikaingia. Niliwafundisha watoto kugawanya, nami nikakosea kugawanya ubaoni, wakanisahihisha.

Siku ya kumi na moja ya Agosti, tukiwa kwenye somo hilohilo, shangazi Ferista alitokea uwanjani akikimbia, kanga imemponyoka begani.

"Mwalimu! Achana na hesabu! Ndugu yangu anapanda mlima, anachechemea kama bata!"

Sikumbuki niliwaambia watoto nini. Nadhani hawakungoja niwaambie.

Tulipofika nyumbani, mimi na darasa zima la nne, baba alikuwa amesimama uani, mfuko mgongoni, mwembamba, nywele zimeingia mvi pembeni. Mama alikuwa bado ameshika kijiti cha kugeuzia kahawa. Alikuwa ameshaanza kumgombeza.

"Ugali wako umepoa, Baba Enesi! Umepoa miaka sita!"

"Nitaula hivyohivyo," alisema baba.

"Hata barua! Kalamu ilivunjika nayo?"

"Nisamehe, Mama Enesi."

"Sijamaliza!" alisema mama, na kijiti kikamwanguka, na hakumaliza.

Jioni, watu walipopungua, baba alifungua mfuko wake akatoa picha zote mbili, akaziweka mezani zikiwa zimelala pamoja. Ya kwanza ilikuwa imekunjwa mara moja katikati. Nikautazama mkunjo huo, nikaona siwezi kula.

"Baba," nikasema, "ile ya kwanza ni mimi. Mama alisema nichague. Niliona haya kuuliza."

Baba alinyoosha mguu wake mbovu.

"Nilipoiona nilikwenda kwa karani," alisema. "Nimesimama kwenye foleni, watu wanne mbele yangu. Nikasema, ngoja nimwone mama yenu mara ya mwisho kabla sijatia saini. Nikaitoa. Ndipo nikaliona." Akaweka ukucha juu ya doa. "Nikasema, huu si utepe mpya. Huu ni wangu, mimi ndiye niliyeuchoma. Lakini mbona mweupe? Nikafikiri labda umefuliwa na kuanikwa juani mpaka buluu imekwisha. Nikafikiri labda wametia dawa. Watu wanne wakaisha, karani akaniita, nikamwambia nitarudi Jumatatu."

"Na Jumatatu?" aliuliza shangazi.

"Jumamosi ikafika hii." Akaigusa ile yenye utepe wa buluu. "Nikaziweka pamoja kama hivi. Doa huku, doa kule. Jumatatu karani alinisubiri bure. Mkataba ulipokwisha nikachukua nauli yangu nikaondoka."

"Kumbe kama ningekubali ipakwe rangi tangu mwanzo..." nikasema, nilipokwisha kumweleza habari za Bwana Ambilikile na madoa anayofunika.

"Huyo bwana wako angefunika doa," alisema baba.

"Tena angeupaka utepe kijani!" alisema shangazi. "Mngedhani wifi amehamia dhehebu lingine!"

Baba akacheka, mama akacheka, na mimi nikagundua kwamba nimeshika tonge mkononi kwa muda wote huo. Nikalila. Lilikuwa tamu ajabu, ingawa lilikuwa ugali tu na maharage.

Jumapili iliyofuata tuliamka mapema wote. Mama alitandika kitambaa chake mezani, akautoa utepe kwenye kitabu cha nyimbo. Ulikuwa umejikunja kidogo. Baba akainuka akichechemea, akaenda jikoni, akarudi na pasi, makaa yamo ndani yanang'aa.

"Lete nikunyooshee," alisema.

Mama akaukamata utepe akauficha mgongoni, kama msichana.

"Baba Enesi," alisema, "hata ukirudi mara saba kutoka Luanshya, utepe huu hutaupiga pasi tena."

Akaufunga ulivyo, na mikunjo yake. Tukatoka, baba mbele akichechemea, na mimi nyuma yao, nikimtazama mama kidevuni kila alipogeuka.